Matanga ya Koperative

Mètre Blanchard aliposoma jina la Hadidja, tuliacha kucheka. Kabla ya hapo tulikuwa tukitaniana, kwa sababu ghala letu la zamani hapa mtaani Alunguli limejaa popo, na kila mara mmoja wetu alikuwa anajipangusa kichwa. Tulikuwa wanachama tuliobaki wa koperative, ushirika wetu wa mpunga. Wengi wetu ni mabibi, na wengine waliletwa na wajukuu kwa pikipiki.

Mètre Blanchard, na Mètre ndivyo tunavyomwita wakili, alikuwa mfilisi, yaani mtu aliyetumwa na korti kuifunga koperative. Kazi yake ilikuwa kuuza kilichobaki, kuwalipa wale waliokuwa bado wanatudai, na kudai kwa wanachama kile walichokopa. Si mtu mbaya, naomba niliseme hilo mapema. Aliponiona nimesimama alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya kasha. Alitueleza polepole, kwa Kiswahili, ingawa karatasi zake zote zilikuwa za Kifaransa.

"Mbele ya sheria," alisema, "koperative ni muntu. Anazaliwa, anadai, anadaiwa. Na sasa amekufa."

Kisha akasoma: "Mama Hadidja. Magunia ya mchele, alichukua kwa mkopo, hakurudisha. Alama ya kidole chake njo hii."

Hadidja alikuwa amekaa karibu nami. Miguu yake imevimba siku hizi, anatembea kwa fimbo. Aliuliza, "Ni ya wakati gani hiyo?"

"Ya vita."

"Aa," alisema Hadidja. "Ile."

"Iko na majina mengine pia, yote ya siku hiyo moja. Lakini lako njo linapita yote. Mama, kama pesa hakuna, nimepewa ruhusa ya kukamata kitu. Nimeuliza mtaani, wanasema nyumba yako iko na mabati mazuri. Jumatatu watu watakuja kuyatoa."

Mabati yale aliyanunua mtoto wake Amuri, aliyekuwa anachimba mawe ya madini Kalima. Kila alipopata kitu, alinunua bati moja, mara nyingine mawili, akalifunga nyuma ya pikipiki ya mtu na kulipeleka kwa mama yake. Bati la mwisho lilifika, naye hakufika, kwa sababu shimo lilimfunika. Wote mle ghalani tulijua habari hiyo. Mètre Blanchard hakuijua, na Hadidja hakumwambia. Alisema tu, "Jumatatu ya wiki hii?"

Nikasimama. "Mètre, ule mchele hakuukopa. Aliuficha."

Nikamsimulia, kama ninavyosimulia hapa.

Mwaka wa elfu mbili na mbili mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa. Ndani ya mji walikuwako wenye bunduki, na nje porini walikuwako wengine wenye bunduki, na sisi katikati. Mashamba yalikuwa huko nje, hatukuweza kuyafikia. Treni haikuja. Mpunga wa Kailo, uliokuwa unaingia kwa baiskeli, haukuingia tena. Watu walikula majani ya mihogo bila mafuta na bila chumvi, kisha majani yenyewe yakaanza kuwa haba. Lakini ghalani mwetu mlikuwa bado na mchele wa mavuno ya mwisho, tuliokuwa tukiutoa kidogo kidogo.

Siku moja mke wa askari mmoja alikuja kununua sabuni kwangu. Sikujua jina lake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. Alilipa, akageuka kwenda, kisha akarudi kana kwamba amesahau kitu. Alisema chini chini, "Mama, kesho wanakuya na kamyo kwa ile ghala yenu." Akaenda zake. Angeweza kupigwa kwa neno lile. Mpaka leo namwombea.

Niliposikia neno la lori, nilikwenda mbio kwa Baba Anaclet. Alikuwa prezida wa koperative, mwalimu wa zamani, mtu ambaye hakuruhusu hata kamba itoke ghalani bila kuandikwa. Alituita wanawake wote. Mchana huohuo, jua likiwa kali, tulibeba mchele kichwani, kila mmoja akielekea kwake kama mtu aliyetoka sokoni. Hadidja alichukua mwingi kuliko wote kwa sababu nyumba yake ilikuwa kubwa na tupu. Wanawe walikuwa wamekimbilia porini, mumewe alikuwa ameshafariki.

Mlangoni alikaa Baba Anaclet na karatasi zake na kidau cha wino. Kila mmoja aliweka kidole.

Hadidja alimwambia, "Baba, andika kwamba tunaficha."

Baba Anaclet akakataa. "Nikiandika mumeficha, na wao wakishika karatasi, wataingia nyumba moja moja. Nikiandika mumekopa, ni deni tu. Nani atafuata deni ya mwanamuke masikini?"

Tulimwona ana akili sana. Kweli, kesho yake wenye kamyo walikuta ghala tupu, wakazishika karatasi, wakazisoma, wakazitupa chini. Walimpiga Baba Anaclet mgongoni kwa kitako cha bunduki. Hakututaja. Alipona, lakini hakunyooka tena.

Mchele wenyewe haukulala sana. Hadidja aliweka sufuria kubwa uani, ile ya arusi, akawa anapika uji. Mwanzoni alipikia watoto wa wanachama. Kisha watoto wa jirani walisimama kwenye uzio wakitazama, na Hadidja hajui kumtazama tu mtoto anayetazama sufuria. Wakaingia. Wakaingia wafanyabiashara wa Butembo ambao maduka yao yalikuwa yamevunjwa. Hata watoto wawili wa yule mke wa askari waliingia, nami ndiye niliyewashika mkono. Kila mtu alikunywa kikombe kimoja, na Hadidja alikunywa wa mwisho, kama kulikuwa na kilichobaki.

Gunia moja hakuligusa. Lilikuwa la mpunga wa mbegu. Alilala juu yake kama kitanda. Njia zilipofunguka alilirudisha ghalani, na mbegu ile ndiyo tuliyopanda. Koperative iliishi miaka mingine mingi kwa sababu ya gunia lile, mpaka injini ya mashine ya kukoboa ilipokufa na vijana wakaenda kuchimba mawe. Baba Anaclet alikufa mapema kuliko injini. Zile karatasi hakuzirekebisha, wala sisi hatukukumbuka kumwambia.

Nilipomaliza, Mètre Blanchard alikuwa ameinamisha kichwa.

"Bibi, nakuamini," alisema. "Lakini karatasi haijui mambo hayo."

"Lakini wewe sasa unajua," alisema Hadidja.

"Mama, hata mimi niko na wakubwa. Nikikuacha wewe, nitamushika nani?"

"Usimushike muntu."

Alikusanya karatasi zake. Alipotoka alimshika Hadidja mkono kuvuka kizingiti, kwa sababu kina ngazi mbovu. Halafu akasema tena, taratibu, "Jumatatu, Mama."

Jioni hiyo tulikaa uani kwa Hadidja tukichambua sombe, majani ya mihogo. Alikuja Mbambu, mwenye duka la chumvi, sabuni na magunia karibu na soko. Yeye ni Mnande, mtoto wa Jérémie, mmoja wa wale wafanyabiashara wa Butembo waliokunywa uji wakati ule. Koperative ilikuwa inamdai yeye? Hapana, yeye ndiye aliyekuwa anaidai koperative, tena nyingi, kwa magunia tuliyochukua dukani kwake miaka ya mwisho. Alikaa juu ya kinu kilicholala, akashika majani na kuanza kuchambua bila kuombwa.

"Nimesikia," alisema. "Huyu Mètre wenu anafanya sawa ndugu za marehemu. Muntu hajapoa, wao wanabeba viti."

"Na marehemu mwenyewe hata hakuzikwa," nikasema.

Hadidja aliacha kuchambua. "Feza," aliniita, "alisema koperative ni muntu, si ndiyo?"

"Alisema."

"Na amekufa?"

"Alisema."

"Nani alimulilia?"

Mbambu ndiye aliyeanza kucheka, mpaka sombe ikamwagika mapajani mwake. Lakini Hadidja hakucheka. Uso wake ulikuwa ule wa siku moja ya vita, alipomzuia mlangoni kamanda mmoja aliyetaka sufuria yake ya uji.

"Hakuna matanga, hakuna kugawa vitu," alisema. "Hapa kwetu njo vile. Wakuye kama wanataka, lakini watapita kwenye matanga kwanza."

Kesho yake nilikwenda kwa Hamisi. Hamisi ni kaka yake Hadidja, na ni yeye anayesimama kwenye mazishi ya Waislamu wa mtaa wetu, kabla maiti haijabebwa, kuuliza kama kuna anayemdai marehemu. Nilimweleza.

"Mama Feza, mimi siwezi kuswalia ghala."

"Hakuna aliyekuomba kuswali, Baba."

Akafikiri, akazungusha tasbihi. "Kuuliza madeni, hiyo si swala," alisema mwishoni. "Hiyo nitakuya."

Jumatatu asubuhi tulikata matawi ya ngazi, yaani michikichi, tukayasimamisha pande mbili za barabara mbele ya nyumba ya Hadidja, kama inavyofanyika kila palipo msiba, ili pikipiki zipunguze mwendo na wapita njia wavue kofia. Tukatandika mikeka uani. Wanawake walikuja na vitenge vyao vimefungwa kiunoni, Wakristo na Waislamu, wenye majina katika zile karatasi na wasio nayo. Kahawa ikawekwa motoni. Hadidja alikaa katikati, mguu mmoja ameunyoosha, kitambaa cheusi kichwani. Tulianza kwa kicheko, sitaficha. Lakini mtu mmoja alipotaja jina la Baba Anaclet, mwingine akataja wale waliokufa wakati tumefungwa, wengine wakaanza kulia kweli. Matanga yakawa matanga.

Mafundi walifika watatu, na ngazi na nyundo. Mkubwa wao ni Joël, kijana wa hapa Alunguli, mama yake namjua. Walipoona matawi walisimama. Joël akavua kofia.

"Poleni, wamama. Nani amekufa?"

"Mukubwa wetu," nilimjibu.

"Mungu amupokee. Jina lake nani?"

"Koperative."

Joël alitazama wenzake. "Bibi, munatucheza?"

"Muulize Mètre wako. Njo yeye alituletea habari ya kifo."

"Lakini mimi nimelipwa nusu tayari!"

"Basi panda," alisema Hadidja. "Ngazi unayo. Panda juu ya nyumba ya matanga, sisi tuko chini tunalia, wewe uko juu unapiga nyundo. Halafu rudi kwa mama yako umwambie ulichofanya. Mwambie kabla hujakula, usimalize chakula yake bure."

Wanawake walimzomea kidogo, si sana. Joël alilaza ngazi chini, taratibu, isipige kelele. Akaja kukaa kwenye mkeka pamoja na wenzake. Nikawapa kahawa.

Mètre Blanchard alipofika kwa pikipiki, alikuta mafundi wake wamekaa na vikombe mkononi.

"Hii ni nini?"

"Matanga, Mètre," alisema Joël. "Karibu, kaa."

Alisimama mlangoni mwa ua. Nilimwona akitazama matawi, halafu viatu vyake. Alikuwa na hasira, lakini alivivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Mama yake alimlea vizuri, nikawaza.

"Wamama," alisema, "koperative si muntu wa kulilia. Ile ni namna ya kusema."

"Aa, Mètre," nikasema, "kwa kudai ni muntu, kwa kulilia si muntu?"

Wakapiga makofi. Hapo ndipo Hamisi aliposimama. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi. Aliongea kwa sauti ileile ya makaburini, na hata wale waliokuwa wanapita njiani wakasimama.

"Marehemu huyu ameondoka. Amekula na watu, amefanya biashara na watu. Kabla hatujamudai muntu kwa jina lake, nauliza: nani anamudai yeye? Aseme sasa, mbele ya watu."

Hiyo ilikuwa kazi ya Mètre Blanchard mwenyewe, kuuliza swali hilo, na wanachama hakuwahi kuwauliza.

Mama mmoja akasimama, akasema anadai hisa yake, aliyotoa siku ya kwanza kwa kuuza mbuzi. Mwingine akadai kazi ya kubeba mchele siku ile ya jua. Adèle, ambaye mama yake alikufa kwa uvimbe wa njaa akiwa na gunia la koperative chini ya kitanda, alisema, "Mama yangu alilinda lile gunia mpaka Hadidja akalichukua kupikia watoto. Hakutia mkono. Mimi nadai ulinzi wake." Mimi nikadai nyumba yangu kuwa ghala, na woga wa kila usiku mbwa walipobweka.

"Polepole," alisema Mètre Blanchard. Alikuwa ametoa kalamu. "Mmoja mmoja. Niandike."

Akaandika. Karatasi ilijaa, akaigeuza. Joël alimsogezea kinu kiwe meza.

Kisha Mbambu akasimama, na sisi tukamgeukia, kwa sababu kwa ajili yake na wenzake ndiyo Mètre alikuwa anatafuta pesa.

"Mètre, mimi unanijua. Njo mimi namudai marehemu sana. Deni yangu siisamehe, musinitazame vile! Niko na watoto wanasoma. Uza kiwanja cha ghala, uza chuma cha ile mashine, unilipe. Lakini bati ya huyu mama usiniletee. Baba yangu Jérémie alikunywa uji hapa, pale, karibu na ule mupapayi. Na hata kama hakunywa, bati hiyo nikiiuza, nani wa Alunguli atanunua tena chumvi kwangu?"

Hata Mètre Blanchard alitabasamu. Alimgeukia Hadidja. "Na wewe, Mama? Unadai nini?"

Hadidja aliegemea fimbo, nikamsaidia kusimama. Aliinua mkono wake wa kulia, akaonyesha kidole gumba.

"Mimi nadai hiki," alisema. "Niliweka kidole changu kwa kuficha chakula ya watu. Ninyi mumekifanya kidole cha mudeni. Mchele ulikuliwa na mji muzima, siombi mulipe. Mabati ni ya mutoto wangu, hayaongelewi. Lakini kidole changu munirudishie. Mpaka siku hiyo matanga hayavunjiki, na nyumba ya matanga haipandwi. Nenda uwaambie wakubwa wako."

Mètre Blanchard alikunja karatasi. Alimaliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imepoa, akavaa viatu, akaenda.

Hatukuondoa mikeka. Wengine walidhani tutachoka. Tulipokezana: wa leo anakuja na mihogo, wa kesho na dagaa, mwingine na maneno tu. Matawi ya ngazi yalipokauka tulikata mengine mabichi. Pikipiki ziliendelea kupunguza mwendo. Wageni wakiuliza nani amekufa, watoto wa mtaa walieleza kisa chote, kila mmoja kwa namna yake. Kuna ofisa mmoja alipita kwa gari akacheka. Tulimwacha acheke. Karibu na mvua kubwa kuanza, wengine waliogopa. "Kama watakuja na polisi?" Hadidja akajibu, "Polisi naye ana mama, na mama yake anajua matanga ni nini."

Mètre Blanchard alirudi siku ya mvua. Alikuwa amelowa mpaka shingoni, lakini mfuko wa karatasi alikuwa ameuweka ndani ya shati. Alivua viatu, tukamvuta ndani, chini ya mabati yaleyale. Ilibidi asome kwa sauti kubwa ili tumsikie.

Korti ilikuwa imekubali. Mchele wa siku ile haukuwa mkopo. Ilikuwa mali ya koperative iliyowekwa kwa wanachama kulindwa, na ilipotea kwa vita. Hakuna mwanachama anayedaiwa kwa ajili yake. Ghala na chuma vitauzwa, Mbambu na wenzake watagawana, na hisa zetu zitarudishwa, kama kitabaki kitu. Alitwambia wazi kwamba huenda kisibaki.

"Na kidole?" aliuliza Hadidja.

Mètre akamwonyesha mahali. Mbele ya jina lake lile neno la mkopo lilikuwa limekatwa kwa mstari, na juu yake limeandikwa jingine, lenye maana ya kulinda. Hadidja hajui kusoma. Alinipa mimi niangalie. Nami nilisoma neno hilo la Kifaransa, herufi kwa herufi, nikamwambia, "Ndiyo. Ni lenyewe."

Kisha Mètre Blanchard akatia mkono mfukoni, akatoa noti moja iliyolowa, akaiweka ndani ya sahani ya rambirambi iliyokuwa mkekani.

"Hii ni ya nini?" aliuliza Hadidja, na fimbo yake ikainuka kidogo.

"Ya matanga, Mama. Siku ile nilikunywa kahawa tu, sikutoa kitu."

Tulivunja matanga jua lilipotoka. Tulifagia ua, tukakunja mikeka, tukang'oa matawi. Joël alikuja bila kuitwa, na ngazi ileile na nyundo ileile. Alisema siku ya kwanza aliona bati moja upande wa mlango limelegea, na tangu hapo halimtoki akilini.

Hadidja alisimama chini akimtazama, mkono umefunika macho kwa jua.

"Piga sana!" alimpigia kelele. "Hizo misumari njo ulitaka kuzing'oa! Sasa zikaze zote!"

"Bibi, nilikuwa nimelipwa nusu tu!" Joël alijibu kutoka juu.

"Basi na leo nitakulipa nusu. Shuka ukule."